Kutoa kutu nyumbani: siki, sitriki, umeme wa magadi au brashi ya grainda?

Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, au kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hukosi kuona jiliwa kuukuu, spana za Kiingereza zilizofungwa na waya, au kichwa cha cherehani kinachouzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Vingi kati ya hivyo ni vyuma bora kuliko vipya vya bei nafuu. Tatizo ni kutu tu, na ukishafika nacho nyumbani ushauri huanza kumiminika. Huyu anakwambia loweka kwenye siki, yule anasema tumia umeme, na wa tatu keshawasha grainda kabla hujamaliza kueleza.

Kila mmoja ana ukweli wake, ila si kwa chuma kimoja. Mimi naanza na swali hili: kwenye kipande hiki, ni kitu gani kikipotea hakirudi? Huenda ni maandishi yaliyogongwa ubavuni, meno ya bolti, unyoofu wa sura ya chini ya randa, au rangi ya kiwandani yenye maua ya dhahabu. Jibu la swali hilo huondoa nusu ya njia hizi kabla hujatoa hata shilingi. Nguvu ya dawa ni jambo la pili.

Dizeli haitoi kutu

Nianze na hili kwa sababu ndilo lililozoeleka zaidi gereji. Kipande kinatupwa kwenye kopo la dizeli au mafuta ya taa, kinakaa wiki, kikitolewa kinasuguliwa na kuonekana kimepona. Kilichotokea ni kwamba mafuta yamelainisha grisi kuukuu, yamepenya kwenye nati iliyoganda na kuzuia unyevu. Kutu yenyewe haiyeyuki kwenye dizeli hata ikikaa mwaka.

Hata hivyo kopo hilo lina kazi kubwa, nayo ni kuosha kabla ya yote. Asidi na maji ya magadi havipenyi grisi. Kipande kikiingia kwenye siki na mafuta yake, kitatoka na madoa: hapa cheupe, pale cha kahawia kama ulivyokiacha. Kwa hiyo mafuta ya taa na mswaki mkuukuu kwanza, kisha sabuni na maji ya moto, halafu ndipo uchague njia. Petroli inaosha haraka zaidi, lakini mvuke wake hutambaa chini hadi ulipo moto, na nyumbani jiko haliko mbali.

Siki na sitriki

Siki nyeupe ya dukani ina asidi ya asetiki karibu asilimia 5. Kilichobaki ni maji, na hayo unayanunua kwa bei ya siki. Kwa spana mbili tatu haina shida. Kwa jiliwa zima utajaza ndoo, na hesabu itakushangaza.

Asidi ya sitriki huuzwa ikiwa unga mweupe kwenye maduka ya malighafi za sabuni na juisi. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji zinatosha, na maji yakiwa ya uvuguvugu kazi inakwenda kasi zaidi. Kwa uchafuzi wa hewa ya chumba pia sitriki inashinda. Siki ina mvuke, na mvuke huo ukikaa kwenye stoo iliyofungwa unashikisha kutu hadi vifaa vilivyokuwa vizima ukutani. Sitriki haitoi mvuke wa kusumbua. Kati ya hizi mbili, sioni sababu ya kununua siki isipokuwa pale ambapo tayari iko jikoni na kazi yenyewe ni ndogo.

Zinavyofanya kazi zinafanana. Baada ya saa chache kutu inakuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi, na chini yake unaona chuma cha kijivu kisichong'aa. Ukijivu huo ni dalili ya kuiangalia vizuri, maana asidi haichagui. Ikimaliza kutu inaendelea na chuma chenyewe, polepole lakini bila kupumzika. Kipande kilichosahauliwa kwa siku kadhaa hutoka kikiwa na ngozi ya mabonde madogo madogo, na bolti ndogo hutoka zimelegea kwenye nati zake. Kwa hiyo hii ni njia ya mtu aliyeko nyumbani, anayeweza kuchungulia ndoo kila baada ya muda.

Ukitoa, usiache kipande kikauke chenyewe. Kisuuze, kitumbukize kwenye maji yenye magadi kidogo ili asidi iliyobaki kwenye mashimo iishe nguvu (utaona mapovu madogo), kisha kisuuze tena kwa maji ya moto sana. Chuma kikishapata joto la maji hayo hukauka chenyewe kwa dakika moja au mbili. Hapo ndipo mafuta yapakwe mara moja. Ukichelewa, hasa ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja ambako hewa ina chumvi, utaona rangi ya chungwa imerudi ukiwa bado unatafuta kitambaa.

Umeme wa magadi

Njia hii inaogopwa bure na watu wengine, na wengine wanaichezea pasipostahili. Unahitaji ndoo ya plastiki, chaja ya betri ya gari ya volti 12, vipande vya nondo au bati la chuma cheusi, na magadi. Magadi ni yale yale ya kulainishia maharage, yatokayo Ziwa Magadi na Ziwa Natron. Ya sokoni huja na udongo, hivyo yayeyushe, yaache yatulie, umimine maji ya juu tu. Ukipata soda ashi kwa wauza malighafi za sabuni ni bora zaidi, kwa kuwa magadi ghafi huwa na chumvi ya kawaida ndani yake. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne au tano kinatosha. Usiongeze chumvi ya mezani kwa nia ya kuharakisha kazi, kwani umeme ukipita kwenye chumvi huzalisha klorini.

Waya hasi, ule mweusi, unafungwa kwenye kipande chenye kutu. Chanya, mwekundu, unafungwa kwenye nondo. Ukikosea ukageuza, chombo chako ndicho kitakacholiwa badala ya nondo, kwa hiyo angalia mara mbili kabla ya kuwasha. Vitu hivi viwili visigusane. Ndani ya dakika chache povu laini huanza kupanda kutoka kwenye kipande, maji yanageuka kahawia, na nondo inavaa kutu nene. Ampea mbili hadi tano zinatosha kwa kitu cha ukubwa wa jiliwa, kikaachwa kuanzia saa kadhaa hadi usiku mzima.

Ubora wa njia hii kuliko asidi ni kwamba chuma kizuri hakiguswi. Umeme unageuza na kulegeza kutu, na ikiisha hakuna kinachoendelea kuliwa. Umeme ukikatika usiku, na sote tunajua unakatika, kipande kinabaki kwenye maji ya magadi ambayo yenyewe huzuia kutu. Asidi ingekuwa inaendelea kula. Maandishi yaliyogongwa, meno ya bolti na alama za vipimo vinatoka vilivyo. Maji hayo pia yanatumika tena na tena kwa kuongeza maji tu, na hapo gharama yake inaishinda hata sitriki.

Udhaifu wake ni mitatu. Kwanza, umeme unapenda kwenda moja kwa moja, upande usioikabili nondo husafika nusu nusu. Zungushia nondo pande zote, au geuza kipande katikati ya kazi, ukizima chaja kabla ya kutia mkono. Pili, rangi. Njia hii inavua rangi kuukuu na kulegeza nikeli au kromu iliyokwisha kuanza kuinuka. Kwa jiliwa unalotaka kulipaka upya hiyo ni faida. Kwa kichwa cha cherehani ni maafa. Tatu, chaja nyingi za kisasa hukataa kuwaka zisipohisi betri upande wa pili, kwa hiyo tafuta ya kizamani. Betri ya sola inaweza kutumika, ila weka fyuzi kwenye waya, kwa kuwa ncha zikigusana betri hutoa umeme mwingi kiasi cha kuyeyusha waya.

Hatari zake ziko mbili, na wengi hawaambiwi. Povu lile ni hidrojeni, na hidrojeni hulipuka. Kazi hii ni ya uani au barazani, si chumbani, na sigara ikae mbali. Hatari ya pili ni kutumia kijiko, sahani au bomba la stenlesi upande wa chanya kwa kuwa "halishiki kutu". Stenlesi ina kromu, na kwenye umeme hutoa kromu ya aina yenye sumu kali, inayosababisha saratani. Maji yakigeuka manjano ya machungwa yaliyokolea baada ya kutumia stenlesi, hayo si ya kumwaga kwenye mtaro. Nondo ya bei rahisi ndiyo inayofaa.

Springi zisiloweshwe popote

Hapa njia zote mbili zinalingana, kwa ubaya. Asidi na umeme vyote huzalisha hidrojeni juu ya chuma, na sehemu ya hidrojeni hiyo huingia ndani yake. Chuma laini hakijali. Chuma kilichokazwa sana, kama springi, pini za nguvu na bolti za daraja la juu, kinaweza kuwa na wepesi wa kukatika ghafla baadaye, bila kupinda kwanza. Viwandani hidrojeni hiyo hutolewa kwa kukioka chuma karibu nyuzi 200 za selsiasi kwa saa kadhaa mara baada ya kuosha. Nyumbani ni rahisi zaidi kuzisafisha springi kwa mkono: mafuta ya taa, pamba ya chuma iliyo laini, na subira. Springi ya breki ya pikipiki iliyooza usiihangaikie. Nunua mpya.

Brashi ya grainda

Kwa kasi hakuna inayoifikia. Geti, fremu ya baiskeli, miguu ya meza ya chuma, jembe, mashine ya kukoboa ya nje: vyote hivi vinamalizwa asubuhi moja, na hakuna maji ya kumwaga. Kama utapaka rangi nzito baadaye na hakuna alama ya kuhifadhi, usijisumbue na ndoo.

Ila brashi ina ujanja wake. Kutu iliyojificha kwenye mashimo haitoki, inasuguliwa juu juu mpaka inang'aa rangi nyeusi nyeusi kama chuma safi. Unapaka rangi, na miezi michache baadaye rangi inavimba palepale. Kupima, futa kwa kitambaa chenye maji na uache saa moja. Pakiwa na madoa ya kahawia bado kazi ipo, na hapo ndipo sitriki au dawa ya kubadili kutu inaingia.

Alama nazo huondoka haraka. Chukua spana za zamani za Kiingereza za Whitworth. Namba iliyogongwa, mfano 3/8 W, inataja unene wa bolti, si upana wa mdomo wa spana. Ukiisugua ikafutika, huwezi kuirudisha kwa kupima mdomo kwa rula, mpaka uwe na jedwali. Spana kama hizo zinastahili umeme wa magadi, basi.

Usalama wa brashi nauweka juu ya ule wa asidi zote za jikoni. Grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na brashi nyingi za bei poa zimeandikwa kasi ndogo kuliko hiyo. Soma maandishi yake kabla ya kufunga. Nyaya huchomoka na kuruka kama sindano, zikapenya shati na ngozi. Miwani ya kufunika macho yote, kinga ya uso juu yake, aproni nene, na usivae glovu zenye nyuzi zinazoning'inia. Rangi kuukuu ya chuma mara nyingi ina risasi, kwa hiyo usiikwangue kwa brashi kavu mahali watoto wanapochezea. Kiloweshe kwanza, ukikwangue kwa mkono.

Zilizobaki, kwa kifupi

Molasi, ile ya kulishia ng'ombe, inafanya kazi kweli. Kipimo ni sehemu moja kwa tisa za maji, kwa wiki moja hadi tatu. Ni ya upole na ya bei nafuu kwa anayeishi karibu na viwanda vya sukari kama Kilombero, Mtibwa au TPC Moshi. Inanuka, inaita nzi, na mjini majirani watakuuliza. Inafaa vitu vikubwa visivyo na haraka.

Asidi ya betri na ile ya kusafishia vigae sizishauri nyumbani. Zinakula kutu kwa dakika, halafu chuma, halafu mvuke wa ile ya vigae unageukia kila kifaa kilichomo chumbani. Ikichanganyika na jiki hutoa gesi ya klorini.

Kupuliza mchanga, kwa mwenye kompresa, ni kazi ya kumpelekea mtu mwenye vifaa. Vumbi la mchanga wenye silika huharibu mapafu bila kupona, na Uingereza ilitunga kanuni za kuukataza kwa kazi hii mwaka 1949. Anayekupulizia kwa kitambaa cha mdomoni tu hana kinga.

Dawa za kubadili kutu haziondoi chochote. Zenye asidi ya fosforiki au tanini huigeuza kutu nyembamba kuwa tabaka gumu jeusi ambalo rangi hushika juu yake. Nzuri kwa geti na chasisi, si kwa kitu kinachoteleza dhidi ya kingine. Soda ya kola ina fosforiki pia, lakini kidogo mno. Chupa moja inakugharimu zaidi ya gramu za sitriki zenye nguvu mara nyingi kuliko hiyo.

Kisicho chuma cheusi

Sumaku iwe karibu. Kisichoshikwa na sumaku kisiingie ndoo yoyote kati ya hizi bila kufikiri. Aluminiamu huliwa na magadi hadi ikawa nyeusi. Kabureta za pikipiki nyingi zimetengenezwa kwa aloi za zinki na aluminiamu, nazo ziogeshwe kwa mafuta ya taa na brashi laini, na matundu yapulizwe hewa. Usitie waya kwenye jeti, kwani tundu likipanuka hata kidogo mashine haitatulia.

Shaba ya njano, yaani dele la kahawa au vifungo vya mlango wa Kizanzibari, husafishwa kwa ukwaju au ndimu na chumvi tangu zamani, na njia hiyo haina kosa ukisuuza haraka. Ikikaa sana asidi huondoa zinki juu juu, na shaba inageuka waridi. Ila jiulize kwanza kama unataka kung'arisha. Rangi ya umri kwenye kitu cha kale ni sehemu ya thamani yake, na anayenunua vitu vya kale hupunguza bei akiona kimeng'arishwa kama sufuria mpya.

Basi, kipi kwa kipi?

Jiliwa: livunje vipande, liingie umeme wa magadi, kasoro springi ya skrubu kubwa kama ipo. Skrubu yenyewe ipate grisi nzito, mwili upakwe rangi, taya zibaki na mafuta tu.

Randa: mwili wake umeme wa magadi au sitriki kwa muda mfupi huku ukiutazama. Kisu chake kisiloweshwe kwa muda mrefu, kisuguliwe kwa msasa wenye mafuta ya taa juu ya kioo bapa, maana ukingo wake ndio mali yenyewe. Chini ya randa pia msasa juu ya kioo, kwa mikono miwili, bila grainda kukaribia.

Cherehani, hasa Singer za zamani kama zile za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa 1980: mwili usiingie ndoo ya aina yoyote. Yale maua ya dhahabu yamefunikwa na vanishi ambayo spiriti huiyeyusha, kwa hiyo hata spiriti ya kufutia isitumike. Mafuta ya cherehani na kitambaa laini, kwa kurudia rudia, ndiyo dawa yake. Skrubu ndogo na vipande visivyo na nikeli vinaweza kuoga sitriki kidogo. Springi ya kubana uzi isafishwe kwa mkono.

Geti na fremu: brashi, halafu dawa ya kubadili kutu kwenye mashimo, halafu rangi ya msingi siku hiyo hiyo.

Ndoo ya bolti na nati mchanganyiko: chambua kwanza. Zenye rangi nyeupe au ya manjano ya zinki ziweke kando, kwa sababu sitriki itaivua zinki yote na kukuachia chuma kitupu kitakachoshika kutu haraka kuliko kabla. Zile zenye namba 10.9 au 12.9 kichwani, yaani za daraja la juu, zisafishwe kwa brashi ya mkono. Zilizobaki zote ziingie sitriki ya uvuguvugu, uzitikise kila mara, kisha magadi, maji ya moto, na kopo la mafuta mabovu ya injini likisubiri pembeni.